Mnatupa Ua, Mnabaki na Unyevu

Wiki ya pili tangu chuo kifunguliwe, kwenye ubao wa matangazo wa bweni letu ilibandikwa karatasi yenye muhuri: vyungu vyote vya maua vitolewe vyumbani kabla ya Ijumaa, kwa kuwa vimeota fangasi na vinahatarisha afya ya wakazi. Hakuna aliyeuliza swali. Jumamosi asubuhi pipa la nyuma ya jengo lilikuwa limejaa maua, mengine mabichi kabisa, yamelala kifudifudi juu ya maganda ya ndizi na vifuko vya chipsi. Wauza maua wa barabarani wakipata habari watafurahi, maana bumu likiingia tutakwenda kwao tena kununua mengine.

Ningelinyamazia jambo hili kama lingeishia hapo. Lakini kikao cha wawakilishi wa mabweni kiko njiani, na nasikia hoja iliyopo mezani ni kulifanya tangazo lile kuwa kanuni ya kudumu kwa mabweni yote. Napinga, na naomba mnisikilize hata nyie msiojali maua, kwa sababu mwishoni hoja hii inahusu vyumba tunavyolala.

Tuanze na ule weupe wenyewe. Ukungu unaoota juu ya udongo wa chungu mara nyingi ni wa zile kuvu zinazokula vitu vilivyokwisha kufa: majani yaliyoanguka, vipande vya mizizi ya zamani, samadi isiyoiva vizuri, maranda au makumbi ya nazi yaliyochanganywa ili udongo uwe mwepesi. Ua lililo hai hazina shughuli nalo. Spora zake zimo hewani muda wote, na zimo kwenye udongo tangu siku uliponunua. Hata ukiuchemsha udongo wako leo, kesho zitatua nyingine. Chungu cheupe na chungu kisicho na weupe vinatofautiana kwa mazingira tu: maji yaliyotuama, hewa isiyotembea, mwanga hafifu, na kitu cha kuoza. Vikikutana vinne hivyo, ukungu huota. Ukiondoa viwili tu, hasa maji na ile hewa iliyotulia, ukungu unakauka wenyewe bila dawa.

Hili si geni kwetu. Sote tulifanya sekondari lile jaribio la kipande cha mkate kilicholowanishwa na kufunikwa. Mkate haukuwa mgonjwa. Ulikuwa umelowa na umefunikwa. Tena katika ukoo huu wa kuvu wamo wafadhili wetu wakubwa: Penicillium, kuvu ya kawaida kabisa kwenye udongo, ndiyo ambayo mwaka 1928 Alexander Fleming aliiona kwenye kisahani cha maabara London ikiwazuia bakteria kukua, na kutoka hapo tukapata penisilini. Sisemi mlambe vyungu. Nasema neno "fangasi" peke yake, hata likipigwa muhuri, bado halijathibitisha kosa la mtu.

Sasa kwa nini vyungu vya bweni zima viote ukungu karibu wiki moja, kama vimeambiana? Tazameni kalenda yetu. Tunafunga chuo, tunaondoka, vyumba vinafungwa. Kuna kundi la kwanza ambalo siku ya kuondoka linaliogesha ua maji mengi "ya kulitosha likizo nzima", kisha dirisha linafungwa, pazia linashushwa, mlango unapigwa kufuli. Chungu cha plastiki kisicho na tundu kinaweza kushikilia maji chini kwa wiki nyingi, gizani, bila upepo. Hapo ukungu umepewa chumba chake binafsi, tena bila kulipia.

Kundi la pili ni la wenye huruma ya kuchelewa. Hawa waliondoka bila kuaga ua, wakarudi wakakuta limekauka, majani yamepukutika juu ya udongo. Roho ikawauma. Wakachota jagi zima, wakamwaga, jioni wakamwaga tena. Huruma hiyo ndiyo inayolea ukungu, na inafaa tuielewe vizuri, maana kwa wengi wetu ndiyo hali halisi. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka sana husinyaa na kuachana na ukuta wa chungu. Ukimwaga maji, yanapita pembeni kama maji ya paa na kwenda kukaa chini, huku katikati pakibaki pakavu. Na ua lenyewe limeshapoteza majani. Majani ndiyo yanayovuta maji kutoka kwenye mizizi na kuyatoa hewani. Ua lenye majani manne halinywi kama ua lenye majani arobaini. Kwa hiyo tunalipa maji mengi zaidi wakati ambapo uwezo wake wa kuyatumia umekuwa mdogo zaidi. Juu kuna majani makavu ya kuoza, chini kuna bwawa, dirisha limefungwa. Baada ya siku chache unaamka unakuta pamba.

Kupuuza kisha kuzidisha: ndivyo tunavyosoma pia. Wiki kumi na mbili hakuna anayefungua desa, kisha usiku wa kuamkia UE tunataka kumeza kozi nzima kwa kahawa. Tofauti ni kwamba ua halina sapu.

Kabla hujaanza kupambana, hakikisha kwanza kwamba unachokiona ni ukungu. Nina uhakika baadhi ya vyungu vilivyotupwa vilikuwa na chumvi tu. Hapa Dar es Salaam visima vingi vina maji ya chumvi, na mabwenini maji ya bomba yakikatika tunategemea visima. Maji yakipanda juu ya udongo na kuvukiza, chumvi inabaki. Inafanya gamba gumu, jeupe au la manjano kidogo, linalokatika kama ukoko, na mara nyingi linaanzia kwenye kingo za chungu. Ukungu ni laini, una nyuzinyuzi kama pamba au utando wa buibui, ukiugusa unalala. Kipime kidogo: weka kipande cha lile gamba kwenye kijiko cha maji. Chumvi itayeyuka. Dawa yake ni kulikwangua na kulipa ua maji ya mvua, ambayo wakati wa vuli yanamwagika bure kutoka kila paa la chuo hiki, ukiyamwaga mpaka yatoke chini na kuisafisha ile chumvi.

Wengine mtakuta vijiuyoga vya manjano vilivyosimama kama miavuli ya watoto. Hivyo ni Leucocoprinus birnbaumii, wakazi wa kawaida wa vyungu katika nchi za joto. Ua havilidhuru. Ila visiliwe hata kwa utani, vina sumu. Kama chumbani anapita mtoto wa dada au paka, ving'oe. Na kama ukitikisa chungu wanaruka vijidudu vidogo vyeusi mithili ya mbu waliodumaa, hao nao wanakwambia kitu kilekile: udongo wa juu haujakauka siku nyingi. Wanataga humo, na funza wao wanakula kuvu na vimizizi vyororo. Ukikausha udongo, kizazi chao kinakatika.

Haya, ukungu ni ukungu kweli. Ufanyeje?

Toa chungu nje. Nje kabisa, chini ya mti au kwenye kibaraza, na si koridoni ambako wenzako wanapita. Nyunyizia udongo maji kidogo sana kwa vidole ili spora zisirushwe na upepo, funika pua kwa barakoa au kitambaa, kisha kwa kijiko ambacho hutakilia tena ubwabwa, ondoa udongo wa juu kina cha sentimeta mbili au tatu, pamoja na kila jani lililooza. Tia kwenye mfuko, funga, tupa. Nawa mikono. Kazi hii ni ya dakika kumi.

Halafu inua chungu uangalie chini. Hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Maua mengi tunayonunua barabarani yako ndani ya kiriba cheusi cha plastiki kilichotumbukizwa ndani ya chungu cha kupendeza, na kile chungu cha kupendeza hakina hata tundu moja. Maji unayomwaga wiki nzima yamekaa kati ya kiriba na chungu, mizizi imesimama ndani yake. Mizizi inahitaji hewa. Udongo uliojaa maji hauna nafasi ya hewa, kwa hiyo mizizi inazama kama mtu anavyozama, taratibu, huku juu majani yakinyauka na mwenye ua akidhani lina kiu na kulimwagia tena. Toboa. Msumari uliopashwa moto unatoboa plastiki vizuri, matundu manne au matano. Kama chungu ni cha udongo au kauri na unaogopa kukipasua, kiache kiwe koti tu: mwagilia kiriba nje, subiri maji yaishe kuchuruzika, ndipo ukirudishe ndani.

Chungu kikiwa nje, nusa. Udongo mzima una ile harufu ya mvua ya kwanza. Ukinusa uozo, lichomoe ua uone mizizi. Mizizi mizima ni migumu na ina rangi ya kung'aa, nyeupe au krimu. Iliyooza ni ya kahawia, ina utelezi, ukiivuta ganda linatoka kama soksi na kubaki uzi. Hiyo kata kwa wembe safi, yote, usionee huruma, kisha panda upya kwenye udongo mkavu kiasi. Kwa hali ya hewa ya huku pwani mimi hupenda udongo wa kawaida viwili, mchanga wa ujenzi kimoja, mboji iliyoiva kimoja. Mchanga wa baharini hapana, utarudi kwenye habari ya chumvi. Ua lililokatwa mizizi lipunguzie na majani kidogo, kwa sababu ileile niliyoeleza juu.

Baada ya hapo liache nje siku mbili tatu kwenye kivuli chenye upepo. Usiliweke kwenye jua la saa saba mchana, litaungua, lilizoea chumba. Na usimwagilie. Hili ndilo gumu kuliko yote. Chovya kidole mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na udongo uliogandamana, ondoka, rudi kesho kutwa. Au inua chungu upime uzito, utazoea haraka kujua kilichoshiba na chenye njaa. Ratiba ya "kila Jumatatu na Alhamisi" mnayopewa na wauzaji ni ya kubahatisha. Ua la dirishani wakati wa kiangazi na ua la kona wakati wa vuli hayanywi sawa.

Kuhusu dawa nitasema kwa kifupi, maana nimesikia mengi. Jiki kwenye udongo inaua ukungu wa leo, pamoja na viumbe vingine vyote vya udongo na ncha za mizizi, na ukungu wa wiki ijayo unaota palepale. Tena msiichanganye na dawa nyingine ya chooni mkidhani inaongezeka nguvu. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sumu. Magadi na hamira ya unga vinaacha chumvi. Mdalasini wa kusaga kidogo una uwezo kweli wa kudhoofisha kuvu, na harufu yake ni nzuri, lakini ukiunyunyizia juu ya udongo uliolowa umefanya pilau tu. Hakuna dawa inayoshinda tundu chini ya chungu.

Na hapa naomba kutoka nje ya bweni kidogo, kwa sababu kuna jambo linalonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Kati ya maua ya ndani yanayopendwa zaidi duniani, mawili ni ya kwetu. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Usambara, alituma kwao Ujerumani ua dogo la zambarau alilolikuta milimani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, na leo linapamba madirisha ya jikoni Ulaya na Marekani. La pili ni Zamioculcas, wengi wanaliita ZZ, lile lenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Asili yake ni mashariki mwa Afrika, kuanzia Kenya kushuka kusini, Tanzania na Zanzibar zikiwemo. Lile la zambarau kwao huota kwenye mapengo ya miamba yenye kivuli, udongo kiganja kimoja, maji yanapita na kwenda zake. ZZ lina viazi chini ya udongo vinavyohifadhi maji ya kuvuka kiangazi. Yote mawili yamejifunza kuishi na maji yanayokuja na kuondoka. Sisi, wenye nchi, tunayanunua, tunayaweka kwenye chungu kisicho na tundu, tunayazamisha, yakiota ukungu tunasema ni maua ya kizungu hayawezi hali ya hewa ya Dar.

Sasa turudi vyumbani, maana hapa ndipo ninapogombana na tangazo. Chumba cha watu wanne kinalala sita, wakati mwingine wanane, kwa kubebana; sisemi ni vibaya, najua bei za vyumba vya mtaani. Lakini kila aliyelala anatoa maji kwa pumzi na jasho usiku kucha. Nguo tunaanika ndani kwa sababu kamba za nje zinaibiwa. Suruali ya jinzi uliyoikamua kwa mikono ikianikwa kwenye kitanda cha juu, maji yote yaliyobaki ndani yake yanaingia kwenye hewa mnayoivuta. Birika la umeme linachemka kona ile ambayo wardeni haioni. Dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu, kwa kuwa wavu ulichanika tangu waliotutangulia, au kwa sababu kitasa kimeshika kutu. Ndani ya chumba hicho, chungu cha ua kinaota ukungu. Kwani ulitaka kiote nini?

Na si chungu peke yake. Nyuma ya kabati kuna madoa meusi ukutani. Mkanda wa ngozi uliouning'iniza una vumbi la kijani. Begi la kusafiria lina ile harufu. Godoro, upande wa chini, ligeuzeni leo mtazame. Vitu hivi havikutajwa kwenye tangazo, na ndivyo vilivyo karibu zaidi na pua zetu saa nane za usiku. Ua limeonekana kwa sababu tu lina rangi na liko dirishani. Kulitoa ni rahisi: halipigi kura, halidai kodi irudishwe. Ukuta kuukausha kunataka fundi wa paa, wavu mpya na vitasa.

Kuna anayesema, na ana haki ya kusema: "Mimi nina pumu, wewe unaniletea habari za Usambara." Namjibu kwa heshima. Spora za ukungu zinaweza kweli kuamsha pumu na mzio, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka sana, kwa mfano anayepata matibabu ya saratani, anapaswa kukaa mbali na udongo wa vyungu kabisa. Ndiyo maana hospitali nyingi haziruhusu vyungu kwenye wodi za wagonjwa wa aina hiyo. Basi kama chumbani kwenu yupo mwenye pumu, chungu chenye ukungu kitoke leo hiihii bila kusubiri tangazo wala kunifuata mimi, na kisafishwe na mwingine asiye na tatizo hilo. Hapo hatuna mjadala. Ila mwenye pumu huyohuyo, kesho, bado analala nyuma ya ukuta wenye madoa meusi. Tangazo limemwondolea chungu likadhani limemaliza.

Upande wa pili wapo watetezi wa maua wanaozidisha. Mmesikia kwamba maua yanasafisha hewa ya chumba. Habari hiyo ilienea kutokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti Bryan Cummings na Michael Waring walipitia tafiti za namna hiyo wakakokotoa kwamba, ili maua yafikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida kwenye jengo, yangehitajika kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Hapo mkazi mwenyewe ndiye angetolewa nje. Kwa hiyo msitetee vyungu kwa hoja ya hewa safi. Dirisha linawashinda wote, walio na maua na wasio nayo.

Mbu nao wametajwa, na kwenye mbu wardeni yuko sahihi kuliko anavyojua. Aedes, yule mbu wa mchana anayeeneza dengue, hutaga kwenye maji machache yaliyotuama, na kisahani cha chini ya chungu kinamtosha kabisa. Jiji hili limeonja milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kisahani kimwagwe kila baada ya kumwagilia, kisuguliwe ukingoni maana mayai hunata. Huo ungekuwa mstari mmoja mzuri wa kuandika kwenye karatasi ile yenye muhuri, na wala usingehitaji kutupa kitu.

Nimalizie na kinachoniudhi zaidi, ambacho kinatuhusu sisi wenyewe wana serikali ya wanafunzi. Tunapenda maua siku ya hafla. Viongozi wapya wakiapishwa, vyungu sita mlangoni. Siku ya Mazingira, tarehe 5 Juni, tunapanda na kupiga picha, koleo moja limeshikwa na watu wanne. Baada ya wiki mbili nenda kaangalie vile vyungu vya ofisini: kimoja kina vitako vya kalamu, kimoja kina maji ya chai iliyomwagwa (waheshimiwa, maziwa na sukari ni karamu ya ukungu), na kila mmoja anaamini mwenzake anamwagilia. Au mbaya zaidi, wote wanne wanamwagilia. Ua la ofisi linahitaji jina la mtu mmoja lililobandikwa kwenye chungu, kama tunavyobandika jina la mtunza hazina.

Kwa hiyo kwenye kikao, naomba mwakilishi wa kila bweni aikatae hoja ile kama ilivyo na apeleke hii badala yake. Chungu chenye tundu na kisahani kikavu kiruhusiwe. Chungu kilichoota ukungu kipewe wiki moja kusafishwa nje, na kama mwenzako wa chumba ni mgonjwa, kisirudi ndani mpaka yeye akubali. Wakati wa likizo, mlinzi wa bweni aruhusiwe kupokea vyungu vikae kwenye baraza la chini, kwenye kivuli na upepo, kila kimoja na jina la mwenyewe; wasiochukua vyao wiki ya kwanza ya semista, vigawiwe. Na kabla kura haijapigwa, wawakilishi wapite chumba kwa chumba na karatasi waandike madirisha yasiyofunguka, nyavu zilizochanika na kuta zenye madoa. Orodha hiyo iende kwa uongozi wa bweni siku ileile, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao, palepale lilipokuwa tangazo.